Je, Seo-rae alimpenda yule mpelelezi? Jibu kwa msomaji wa Morogoro

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi na mume wangu tunabishana juu ya filamu moja ya Kikorea, Decision to Leave, ile ya mpelelezi anayempenda mjane anayemchunguza. Mara ya kwanza tuliiona kwenye kibanda umiza, dijei akiitafsiri. Mara ya pili tukaiona nyumbani ikiwa na maandishi ya Kiingereza. Mume wangu anashikilia kwamba yule mwanamke ni muuaji aliyemchezea polisi ili kesi ife, basi. Mimi mwisho ule nililia. Je, alimpenda kweli? Mwanamke anadai mpelelezi alimtamkia mapenzi, lakini nimerudisha nyuma mara tatu na sijaona alipotamka. Na kwa nini wanaiita filamu ya noir wakati imejaa milima, bahari na mchana kweupe?"

Marahaba, dada yangu. Nianze na la katikati, la mahali alipotamka, kwa sababu macho yako hayajakosea. Hakuna mahali popote yule mpelelezi, Hae-jun, anaposema "nakupenda". Hata yeye mwenyewe hajui. Karibu na mwisho, wakiwa kwenye simu, anamuuliza Seo-rae, yule mjane, ni lini alisema maneno hayo. Kwa hiyo mko wawili mnaotafuta. Nawe ulishayasikia, ila yalikuja yakiwa yamevaa nguo nyingine: ni pale anapomwambia aitupe simu baharini, izame kwenye kina ambako hakuna atakayeipata.

Wenzetu ambao hamjaiona, liwekeni jibu hili kando kwanza mkaiangalie, kwa sababu siwezi kumjibu dada huyu bila kusema kila kitu.

Niwakumbushe kisa. Filamu ilitoka 2022, imeongozwa na Park Chan-wook, na mwaka huohuo tamasha la Cannes likampa tuzo ya mwongozaji bora. Aliiandika pamoja na Jeong Seo-kyeong, mwanamke ambaye wameandika pamoja tangu 2005. Jang Hae-jun, anayeigizwa na Park Hae-il, ni mpelelezi wa jiji la Busan asiyepata usingizi. Mwanamume mmoja, aliyekuwa afisa uhamiaji na mpenda kupanda milima, anaokotwa chini ya jabali akiwa maiti. Mjane wake, Song Seo-rae, ni Mchina anayefanya kazi ya kuwahudumia wazee majumbani, na Kikorea chake ni cha kujifunza ukubwani. Anaigizwa na Tang Wei, Mchina mwenyewe. Waandishi walimfanya mhusika kuwa Mchina kwa sababu walimtaka yeye hasa, naye akajifunza Kikorea kwa ajili ya kazi hii. Jambo hilo si la pembeni. Filamu nzima imesimama juu ya mtu anayependa kwa lugha isiyo yake.

Hapo ndipo kibanda kilipowaponza. Kazi yangu ni kuandika Kiswahili chini ya filamu za watu, na dijei wa kibanda namheshimu sana. Filamu ya ngumi akiishika yeye inapanda, watu wanashangilia hata pale ambapo mwigizaji mwenyewe alikuwa amechoka. Lakini filamu hii inamfia mikononi. Sauti yake moja inafunika sauti mbili: Seo-rae anayeongea Kikorea kwa tahadhari, neno baada ya neno, na Seo-rae anayehamia Kichina pale jambo linapokuwa zito kuliko Kikorea alichonacho. Usiposikia amehama lini, umebaki na kisa cha polisi tu. Na kisa cha polisi ndicho mume wako alichokiona, kwa hiyo tusimlaumu.

Chukua neno moja. Katika mahojiano ya kwanza Seo-rae anaeleza kwamba mumewe akienda mlimani asiporudi, alikuwa akihofia kwamba atakufa, na hapo anaweka neno la Kikorea machimnae. Kwa Kiswahili ni "hatimaye". Nilikuwa na wasiwasi kwamba hatimaye atakufa. Sisi tunalijua vizuri neno hili na uzito wake: hatimaye mvua imenyesha, hatimaye mshahara umetoka. Ndani yake kuna kungoja. Mpelelezi kijana aliyeko pale anamsikia mtu aliyekuwa akiingojea maiti. Hae-jun anamsikia mgeni aliyejifunza lugha kwenye tamthilia za kihistoria za televisheni, anayeokota neno zuri na kuliweka pasipo mahali pake. Wote wawili wamesikia sawasawa, na filamu haiwaamui. Mapenzi yanaanza hapo, kwenye neno, kabla ya mtu kumgusa mtu.

Neno la pili lilinitesa wiki nzima nilipokuwa najaribu kuiandika filamu hii kwa Kiswahili, kwa kujifurahisha tu, hakuna aliyeniagiza. Hae-jun anamnasa Seo-rae akiongea Kichina na paka. Anayapitisha maneno yale kwenye programu ya kutafsiri ya simu, na simu inamwambia kwamba mwanamke huyu anataka aletewe moyo wa yule mpelelezi mpole. Programu imechagua neno simjang, moyo wa nyama, huu unaopasuliwa hospitalini. Baadaye Seo-rae anamrekebisha: hakusema simjang, alisema maeum, moyo wa hisia. Kichina kina neno moja kwa yote mawili, Kikorea kinayatenganisha, na mashine ikamgeuza mwanamke anayetamani kuwa mwanamke anayechinja. Sasa sisi nasi tuna moyo mmoja tu. Ugonjwa wa moyo ni moyo, na nimekupa moyo wangu ni moyo. Nikiandika "moyo" mara zote mbili, kosa linapotea, na kosa likipotea tukio limekufa. Mwishowe nikaandika simu iseme "niletee roho yake", maana kwetu kutoa roho ni kuua, halafu Seo-rae asahihishe: sikusema roho, nilisema moyo. Sijui kama Park angekubali. Mimi nimeridhika nayo.

Na hata jina la filamu, tazama. Kiingereza kinasema uamuzi wa kuondoka, kana kwamba mmoja anafunga begi. Jina la Kikorea, Heeojil Gyeolsim, ni uamuzi wa kuachana. Ile "-ana" yetu inafanya kazi ambayo Kiingereza kimeshindwa: wanahitajika wawili, kama kupendana. Shikilia hilo, maana tutalihitaji mwishoni, tukifika ufukweni.

Turudi kwenye simu. Unakumbuka Hae-jun anavyogundua ukweli. Seo-rae alikuwa na bibi anayemhudumia kila Jumatatu, asiyeweza kutembea vizuri, mwenye simu ya aina ileile kama yake. Siku ya kifo simu ya Seo-rae ilionyesha kwamba alikuwa kwa bibi, hivyo polisi wakaridhika. Miezi kadhaa baadaye Hae-jun anaishika simu ya yule bibi, anaona hesabu ya hatua na ngazi alizopanda, na bibi asiyetoka ndani amepanda mlima. Wakati huo Hae-jun alikuwa ameshaifunga kesi. Aliifunga kwa sababu alimpenda, akajidanganya kwamba ameifunga kwa sababu ya ushahidi.

Anakwenda nyumbani kwake usiku. Hampigi, hamfungi pingu. Anamkumbusha kwamba aliwahi kumsifu kuwa ni mtu mwenye staha, kisha anamweleza staha ile ilitoka wapi: ilitokana na fahari ya kazi yake. Alikuwa polisi anayejivunia upolisi. Sasa amepagawa na mwanamke na kuuharibu upelelezi, na yeye ameporomoka kabisa. Neno analotumia ni bunggwe, neno la jengo au daraja linaloanguka, na Seo-rae halijui. Baada ya mwanamume kuondoka anabaki akilitafuta kwenye kamusi. Fikiria hilo, dada yangu: mtu amekutamkia jambo kubwa kuliko yote ya maisha yake, na wewe unahitaji kamusi ili ujue umeambiwa nini.

Halafu ndiyo inakuja ile amri ya kuitupa simu baharini. Mtu huyu hana kitu kingine. Ndoa yake ni ya mwishoni mwa wiki, usingizi hana, alichobaki nacho ni ile fahari, na anaivunja mbele ya mwanamke na kumkabidhi vipande pamoja na ushahidi ambao ungemfunga. Angesema "nakupenda" ingekuwa kidogo. Ndiyo maana Seo-rae anayahesabu yale kuwa tamko, tena anaihifadhi ile sauti na kuirudia kuisikiliza. Wewe ulirudisha nyuma ukitafuta neno. Yeye alirudisha nyuma kwa sababu alishalipata.

Sasa hilo la noir, nalipitia kwa haraka kidogo. Neno ni la Kifaransa, maana yake nyeusi, na lilianza kutumiwa na wahakiki wa Ufaransa mwaka 1946, baada ya vita, filamu za Marekani zilizokuwa zimezuiwa zilipowafikia kwa mkupuo. Waliona mambo yaleyale yakijirudia: mwanamume anayejua kwamba anakosea na bado anakwenda, mwanamke mwenye siri, jiji, usiku, mvua. Double Indemnity ya 1944 ndiyo ambayo watu hupenda kuitolea mfano. Giza la taa lilikuwa pambo. Giza lenyewe ni lile la mtu kuona shimo na kutia mguu. Wakati ule Hollywood ilikuwa na kanuni iliyotekelezwa kikamilifu tangu 1934 kwamba kosa lazima liadhibiwe kwenye skrini, kwa hiyo mwanamke wa hatari alijulikana mapema kwamba atakufa au atafungwa. Kanuni ile iliondolewa mwaka 1968, na filamu zilizokuja baadaye kwa mtindo uleule ndizo tunaziita noir mpya.

Ndani ya noir mpya kuna ukoo mmoja mdogo, wa mpelelezi anayelala na mshukiwa. Sea of Love ya 1989 imo, Basic Instinct ya 1992 imo. Mashine inayoziendesha ni moja: ni yeye aliyeua, au siye? Unakaa na polisi kitandani ukiogopa jibu, na jibu likitoka filamu inakwisha. Park anaichukua mashine hiyo na kuitoa injini katikati ya safari. Inapofika nusu ya filamu tunajua: ni yeye aliyeua, alipanda mlima akamsukuma mume aliyekuwa akimpiga na kumchora herufi za jina lake mwilini kama mtu anavyoweka alama mali yake. Swali limejibiwa na filamu bado ina saa nzima na zaidi. Mwongozaji wa kawaida angebaki mikono mitupu. Yeye hapo ndipo anapoanza swali lake, nalo ni lile lako: je, alimpenda?

Mchana kweupe ulioulalamikia una ukungu, angalia tena. Nusu ya pili iko Ipo, mji wa kubuni, ambako mke wa Hae-jun anafanya kazi kwenye kinu cha umeme wa nyuklia, na ukungu hautoki. Chanzo kimojawapo cha filamu ni wimbo wa Kikorea wa 1967 uitwao Angae, yaani Ukungu, ulioimbwa na Jung Hoon Hee. Noir za zamani zilimficha mtu usiku. Huyu anawaficha ndani ya weupe.

Mume wako nampa haki yake. Nusu ya kwanza anaishinda yeye. Seo-rae anajua kwamba polisi anakaa jengo la pili na darubini akimtazama usiku, na anajiacha atazamwe. Analala kwenye kochi na sigara mkononi, na kamera inamweka Hae-jun ndani ya chumba kana kwamba amekaa karibu yake. Anamlaza usingizi kwa kulinganisha pumzi, mbinu anayodai ni ya jeshi la majini la Marekani, akimwambia aingie baharini, awe kiwavimaji, asiwe na macho wala pua. Kesi inafungwa. Mtu akisema hapo palikuwa na hesabu, simpingi. Naamini hesabu na mapenzi vilikuwa vimeshaanza kuchanganyika, lakini mahakamani nisingeweza kulithibitisha.

Nusu ya pili ndiyo inayomshinda. Miezi 13 imepita. Seo-rae anatokea Ipo na mume wa pili, tapeli wa fedha. Mume huyu anaigundua ile sauti ya usiku wa kuporomoka na kutishia kuitumia, na ikitoka Hae-jun amekwisha. Kuna kijana aliyeapa kumuua tapeli huyu siku mama yake atakapokufa, maana tapeli aliwaliza. Mama yuko hospitalini mahututi. Seo-rae anakwenda kumharakishia kifo kwa fentanyl, dawa kali ya maumivu. Mama anakufa, mwana anatimiza kiapo, tapeli anauawa, sauti inabaki salama. Kisha, kabla polisi hawajafika, Seo-rae anatoa maji yote yenye damu kwenye bwawa la kuogelea na kulisafisha, akiharibu mahali pa tukio na kujitia yeye mwenyewe kwenye mashaka. Sababu anayoitoa ni kwamba Hae-jun anaogopa damu nyingi.

Mtu anayetumia polisi ili ajiokoe hafanyi hivyo. Angekuwa na simu ileile kama silaha, naye anairudisha mikononi mwa Hae-jun ili aifungue upya kesi ya kwanza, ainuke kutoka kwenye maporomoko yake, hata kama kuinuka huko kunamaanisha yeye afungwe. Mume wako aeleze hilo linamfaidi nini mwanamke.

Lakini nawe, dada yangu, usilie ukasahau yule mama wa hospitalini. Nimekutana na watu wengi wanaoifanya filamu hii kuwa hadithi ya malaika aliyejitoa mhanga, na wananiudhi. Mwanamke mgonjwa aliuawa, na mwana wa watu akageuzwa kisu. Mapenzi ya Seo-rae ni ya kweli na yana maiti. Ukiondoa kimojawapo, unabaki na filamu ndogo kuliko ile aliyoitengeneza Park.

Na mwisho wenyewe una ukatili ambao watu hawausemi. Hae-jun ana desturi: kesi ambazo hazijapata jawabu anazibandika picha ukutani, zinamnyima usingizi. Seo-rae anamwambia kwamba labda alikuja Ipo ili awe kesi yake isiyofungwa. Anakwenda ufukweni maji yakiwa yamekupwa, anachimba shimo kwa ndoo, anaingia, anakunywa, anangoja. Watu wa pwani hatuhitaji kuelezwa. Maji ya kujaa hayana haraka na hayabishani, yanakuja saa yake. Aliambiwa aitupe simu kwenye kina ambako hakuna atakayeipata, akaihifadhi simu na kujitupa yeye. Amelitii tamko la mapenzi neno kwa neno, kama mtu aliyejifunza lugha vitabuni. Hatapatikana, kwa hiyo hatasahaulika, na yule mwanamume hatalala tena. Huko ndiko kuachana kwa "-ana": mmoja aliamua, wawili wameachana, na hakuna aliyeondoka.

Kwenye simu ya mwisho ndipo anaposema lile jambo ambalo kibandani lilipita kama sentensi nyingine yoyote, kwamba dakika ile Hae-jun aliposema anampenda, mapenzi yake yaliisha, na dakika yalipoisha, ya kwake Seo-rae ndiyo yakaanza. Analisema kwa Kichina. Kikorea kilimtosha kuua, kudanganya na kuhojiwa. Kwa hili alirudi kwenye lugha ya mama yake.

Iangalieni mara ya tatu, wewe na mzee wako, na safari hii zimeni maandishi kwa dakika tano za mwisho. Hamhitaji kujua Kikorea. Hae-jun anafika ufukweni amechelewa, maji yanapanda, anasimama huenda juu yake hasa, anainama kufunga kamba za kiatu. Kisha anaita, na atakachokiita mtakisikia wazi: Seo-rae-ssi. Ile "ssi" ya mwishoni ni heshima, kama sisi tunavyosema Bi Fulani. Ndivyo alivyomwita siku ya kwanza kwenye chumba cha mahojiano, na tangu hapo hakuwahi kuidondosha.